Shibiri Mbili Bila Kona

Ombeni Kibona alikuwa na tabia ya kuzima redio ya mtu bila kuomba ruhusa. Ukifika pale kibandani kwake, ndani ya yadi ya malori ya Mama Ketrina, Tunduma, redio yako ikiwa inaimba mfukoni, ananyoosha mkono, anaizima, ndipo anakusalimia. "Shikamoo mzee. Samahani, kuna gari linaongea pale." Na kweli utaona ameinamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayetazama punje, anasikiliza lori lililowashwa mita hamsini mbele. Akishatosheka anasema, "Turbo yake haitamaliza mwezi." Kisha anakurudishia redio yako ikiwa inaimba.

Nilimfahamu kwa sababu ya miguu yangu. Tangu nilipoacha kazi ya utingo sijaweza kukaa mahali pamoja wiki mbili zikatimia. Mara niko Itumba kwa binti yangu, mara Vwawa, mara Tunduma kuwaona wale tuliozeeka nao barabarani. Nikiwa Tunduma nilipumzikia kwa Ombeni, maana alikuwa na benchi lenye egemeo, na mkewe Restuta hakuwa mchoyo wa uji wa ulezi. Restuta alifuma masweta. Baridi ya mwezi wa sita huku kwetu haina mchezo, kwa hiyo hakukosa uzi mapajani, na mara nyingi ulikuwa mwekundu, kwa kuwa watoto wa shule ya jirani walivaa sweta nyekundu.

Ombeni alikuwa fundi wa turbo na hakutaka kuwa fundi wa kitu kingine. Ukimletea breki anakuonyesha kwa kidole aliko fundi breki. Madereva wa Kongo na wa Zambia walikuwa wanavuka mpaka kutoka Nakonde wakimuulizia fundi wa sikio. Mimi katika miaka yangu yote ya utingo nilijua turbo ni kile kidude kinachopiga mluzi lori likipanda mlima, basi. Yeye ndiye aliyenifungua macho.

"Mzee, ulishaona watoto wakishikana mikono mstari mmoja? Wa katikati anajizungusha, wa mwisho anakimbia mpaka anarushwa kwenye nyasi?"

"Nimeshawahi kuwa huyo wa mwisho," nikamwambia. "Alama ninayo gotini."

"Basi turbo ndiyo hiyo. Moshi wa eksozi unazungusha feni ya upande huu, na shafti inazungusha feni ya upande ule. Hewa inaingia katikati, inazungushwa, inarushwa pembeni kwa nguvu. Ikirushwa inabanana ndani ya hii nyumba iliyojikunja kama konokono, inaingia kwenye injini ikiwa imeshiba. Injini ikila hewa iliyoshiba, inapanda mlima."

Alipenda kusema hivyo, hewa iliyoshiba.

Sasa nimtaje Eliakim. Eliakim na Ombeni walizaliwa kijiji kimoja katika milima ya Ileje, wakachunga pamoja, wakaimba besi katika kwaya moja, na walipokua Eliakim akamwoa Recho, mdogo wake Ombeni, tumbo moja. Wakawa mashemeji. Ombeni ndiye aliyetangulia kuja Tunduma, na alipopata kibanda kwa Mama Ketrina akamwombea shemeji yake kona ya kuchomelea. Mama Ketrina ni mjane wa Mbozi. Kahawa ya marehemu mumewe ndiyo iliyonunua lori la kwanza, na kwa akili yake mwenyewe yakawa sita. Alikubali. Recho naye akapewa nafasi getini ya kuuza chai na maandazi. Kwa hiyo ndugu hawa watatu walikuwa wanaonana kila siku, na ukipita saa nne asubuhi ungewakuta wanakunywa chai ya Recho na kutaniana.

"Shemeji, mshono wako huu umeufumia kwa sindano ya Restuta?" Ombeni anauliza, akipapasa chuma alichochomelea Eliakim.

"Wewe sikiliza mluzi wako, kazi za macho tuachie wenye macho," Eliakim anajibu, na Recho anacheka mpaka chai inamwagika.

Maana Eliakim alikuwa hodari, nisimnyime haki yake. Na ana akili ya biashara. Aliona madereva wanavyoteseka kwenye foleni ya mpaka, siku tatu, siku nne, wanapikia chini ya trela kwenye vumbi na matope. Akabuni boksi la jiko: sanduku la chuma linalokaa nyuma ya kabini, lina mlango, rafu ya sufuria, mahali pa mtungi wa gesi, na ukilaza mlango unakuwa meza. Madereva walilipenda kuliko mshahara. Mama Ketrina akaagiza malori yake yote sita yawekewe. Lakini mahali palipofaa boksi ndipo lilipokaa chujio la hewa. Eliakim akalisogeza chujio upande wa pili, na bomba linalopeleka hewa kwenye turbo akalikata na kulipitisha upya: linashuka, linapiga kona, halafu linapiga kona nyingine ya kuingia ubavuni, palepale kwenye mdomo wa turbo. Kazi safi, haivuji hata kidogo. Ukiiona unaisifu.

Baada ya hapo turbo zikaanza kufa.

La kwanza lilirudi likivutwa. Ombeni akaifungua turbo, akakuta feni ya hewa imekatika majani mawili. Akadhani limemeza jiwe. Akaweka feni mpya. Mwezi haukuisha, lori la pili. Kisha la tatu. Kisha lile la kwanza tena. Na zote alikuwa amezigusa yeye kwa mkono wake. Madereva wakaanza kusema chinichini kwamba fundi wa sikio siku hizi anaweka feni zilizotoka kwenye magari mabovu. Mama Ketrina akaja mwenyewe kibandani.

"Ombeni, mwanangu, sijui chochote kuhusu vyuma. Lakini najua kuhesabu mpaka nne."

"Nipe nafasi, Mama. Nitalijua tu."

"Ukilijua, niambie. Usipolijua, niambie pia."

Siku hizo Ombeni alikonda. Alikuwa na jina tu, hakuwa na kingine. Shamba aliwaachia ndugu zake, na nyumba ilikuwa ya kupanga. Fundi wa sikio asiyesikia ugonjwa wa turbo zake mwenyewe ni nani? Alizipima shafti mara tatu tatu, akabadilisha oili, akajishuku hata macho. Mwisho akaomba kusafiri na dereva mmoja aitwaye Yesaya, mtu mpole mwenye utani, aliyekuwa anapeleka mzigo Mbeya. Walipofika mlima Senjele, lori limezidiwa na linapanda polepole, Ombeni akasikia. Mluzi unapanda, unakatika, hewa inarudi nyuma na mkoromo, unapanda tena, unakatika.

"Linakohoa hivi tangu lini?"

"Tangu niwekewe jiko."

"Unasema?"

"Nakutania, fundi. Jiko na turbo wapi na wapi? Labda ugali wangu una mvuke mkali."

Ombeni hakucheka. Alimwambia asimame juu ya mlima, akashuka, akatazama nyuma ya kabini kwa muda mrefu. Yesaya alinisimulia baadaye kwamba alimwona akilishika lile bomba kwenye kona ya kwanza, kisha kona ya pili, kama anayempima mtoto homa.

Waliporudi Tunduma akafanya jambo ambalo mpaka leo nalistaajabia, mimi niliyeishia darasa la nne. Akachukua kipande cha bomba lenye zile kona mbili, akakata dirisha dogo karibu na mdomo wa turbo, akaliziba kwa plastiki ngumu inayoona ndani, akabana klempu. Kabla ya kuziba alifunga ndani vipande vya uzi mwekundu wa Restuta, urefu wa kidole kimoja kimoja, kwenye kiwaya. Akamwambia Yesaya awashe gari akanyage mafuta, kisha wakabadilishana, ili kila mmoja atazame.

Nyuzi hazikulala. Zilikuwa zinajisokota kama maji yanavyozunguka yakitoka kwenye beseni, na upande mmoja wa bomba zilivutwa kwa nguvu wakati upande wa pili zinatapatapa na kurudi nyuma. Kisha akafunga bomba jingine, lenye kipande kilichonyooka kabla ya mdomo. Akaanza na shibiri moja ya mkono wake: nyuzi bado zinatetema. Akaongeza shibiri ya pili. Nyuzi zote zikalala zikielekea mbele, zimetulia kama nywele zilizochanwa.

"Ona, Yesaya," akasema. "Kona mbili zinaifundisha hewa kuzunguka kabla haijafika. Ikifika inazunguka upande uleule wa feni, feni itaisukuma vipi? Ni kama kumsukuma mtu ambaye ameshakimbia. Na imejazana upande mmoja. Jani la feni likipita huku linakuta hewa nzito, likipita kule linakuta nyepesi, huku nzito, kule nyepesi, maelfu kwa dakika moja. Bati ukilikunja na kulikunjua linafanyaje?"

"Linakatika."

"Shibiri mbili bila kona. Hicho tu ndicho kilichokosekana."

Yesaya alitaka kukimbilia kwa Mama Ketrina saa ileile. Ombeni akamshika shati. "Tulia. Mabomba hayo ameyachomelea shemeji yangu. Nianzie kwake."

Hapa lazima nieleze kitu, kwa wasomaji ambao hawakulelewa kule milimani kwetu. Sisi shemeji hasemwi barabarani. Ukiwa na neno naye unakwenda nyumbani kwake, unakaa, unaletewa chakula, unakula. Ukishanawa ndipo unasema. Neno lililosemwa kabla ya kula ni ugomvi. Lililosemwa baada ya kula ni shauri la nyumbani, na halitoki nje ya mlango. Hakuna shahidi wala karatasi. Chakula ndicho shahidi. Nimeona mashamba yakigawanywa hivyo na ndoa zikiponywa hivyo. Ombeni alikuwa mtu wa mjini kwa miaka kumi na tano, lakini kwa jambo hili alikuwa bado wa kulekule.

Akaenda Jumapili baada ya ibada, bomba lake la nyuzi kalifunga kwenye mfuko wa salfeti. Recho akamchinjia kaka yake kuku. Wakala. Wakanawa. Recho hakwenda popote, alikaa pale mlangoni na ungo wake, anachambua maharage. Ombeni akalitoa bomba, akaeleza yote, polepole, hata ule mfano wa watoto na wa bati.

Eliakim aliinamisha kichwa. "Shemeji, umenifichia aibu. Mtu mwingine angeanzia yadi."

"Sikuja kukulaumu. Hata mimi sikujua. Nimefunga turbo nne bila kujua."

"Nipe wiki mbili. Nitafungua maboksi moja moja, ninyooshe. Mama Ketrina nitamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, ndiyo heshima."

"Sawa."

"Na hilo bomba niachie, niwe nalitazamia kazi."

Ombeni akamwachia. Alipokuwa anaondoka Recho alimsindikiza mpaka barabarani, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kaka, asante kwa kuja nyumbani kwanza."

Nimeandika maneno hayo kama Ombeni alivyonipa, kwa sababu yana kazi huko mbele.

Wiki ya kwanza ikapita. Yesaya akapangiwa safari ya Kongo na kuondoka. Turbo nyingine ikafa. Mama Ketrina akamwita Ombeni, akamuuliza umelijua? Ombeni akajibu, "Mama, linakuja. Utaambiwa." Wiki ya pili. Madereva wakaacha kukaa kwenye benchi lake. Mmoja akaandika kwa chaki kwenye mlango wa kibanda, "Hapa tunazika." Ombeni akafuta kwa kitambaa, akaendelea na kazi. Alikuwa ameahidi.

Wiki hiyo ilipoisha Eliakim aliomba mkutano yadini, na siku hiyo mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimefika jana yake kutoka Itumba, na sikuwa nimeambiwa lolote. Ilikuwa asubuhi, jua limeanza kuwa kali. Mama Ketrina ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya paa la stoo, madereva wamesimama, na mbele yao juu ya pipa la oili kumewekwa lile bomba lenye dirisha. Eliakim amevaa shati la kanisani.

Akaeleza. Akasema amekosa usingizi kwa ajili ya malori ya Mama. Akasema amefanya utafiti wake mwenyewe kwa nyuzi. Akaufunga mdomo wa lile bomba kwenye lori lililokuwa linanguruma, akamwita Mama Ketrina aone nyuzi zinavyojisokota, na Mama akasema, "Ehee! Kumbe!" Akaeleza habari ya watoto walioshikana mikono. Akaeleza habari ya bati. Nikamtazama Ombeni. Alikuwa anatabasamu kidogo, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake anajibu vizuri. Alidhani jina lake litakuja mwishoni.

"Sasa swali ni nani aliyeruhusu kona hizi," Eliakim akaendelea. "Mimi ni mchomeleaji, turbo siijui. Kabla sijakata bomba hata moja nilimuuliza fundi wa turbo wa yadi hii. Nikamwambia, shemeji, nikipiga kona hapa kuna madhara? Akasema weka tu, haina neno. Na tangu magari yaanze kufa amekaa kimya. Mama, wewe mwenyewe umemuuliza mara ngapi?"

Tabasamu la Ombeni lilikaa usoni muda mrefu kuliko ilivyopaswa. Lilisahau kuondoka.

"Uliniuliza lini, shemeji?"

"Usinifanye niseme mengi mbele za watu."

"Sema. Uliniuliza lini? Bomba hilo nimelikata mimi. Hizo nyuzi ni za Restuta."

Dereva mmoja aitwaye Barnaba akadakia, "Uzi mwekundu unauzwa duka lolote, fundi," na wengine wakacheka.

"Nilikuja kwako Jumapili nikakuletea! Yesaya alikuwepo nilipolijaribu, mwulizeni Yesaya!"

"Yesaya yuko Kongo," akasema Eliakim. "Tumsubiri aje kusema uliyomfundisha?"

Mama Ketrina akainua mkono, watu wakanyamaza. Ni mwanamke wa haki, sitasema vingine. Aligeuka getini. "Recho! Hebu njoo, mama. Acha hiyo chai." Recho akaja, kikombe na kitambaa mkononi. "Mke angesema ya mumewe, na dada angesema ya kaka yake. Wewe ni vyote viwili, kwa hiyo nakuamini. Kaka yako alikuja kwenu kumweleza mumeo habari ya bomba hili?"

Nilikuwa nimekaa hatua tano kutoka kwake. Alikuwa anakifuta kile kikombe, na kilikuwa kikavu. Hakumtazama kaka yake wala mumewe, alimtazama Mama Ketrina kwenye viatu.

"Mama, kaka alikuja, akala, akaondoka. Mambo ya mabomba sikuyasikia. Nilikuwa jikoni."

Hakuna aliyecheka hapo. Sijui kwa nini, labda hata wao walisikia kitu. Nilimtazama Ombeni nikitegemea atapasuka. Alikuwa na neno la kusema, yale maneno ya barabarani, asante kwa kuja nyumbani kwanza. Alikuja kuniambia baadaye kwamba yalifika mpaka kwenye meno. Lakini kuyasema kungekuwa kumwita Recho mwongo mbele ya madereva, mtoto aliyembeba mgongoni wakati mama yao akilima.

"Basi," akasema.

Akaingia kibandani, akakusanya spana zake.

Mama Ketrina hakumtukana. Alisema tu kwamba hataki ugomvi wa ukoo ndani ya yadi, na kibanda anakihitaji. Eliakim akanyoosha mabomba yote sita, shibiri mbili kila moja. Turbo hazikufa tena. Kwa hiyo kila lori lililopanda Senjele bila kukohoa lilikuwa linathibitisha kwamba Eliakim ndiye aliyejua na Ombeni ndiye aliyeharibu. Hapo ndipo palipouma kuliko pote. Kilichomfukuza kilikuwa ukweli wake mwenyewe, na ulikuwa unafanya kazi vizuri.

Akahamia Mkwajuni, upande wa machimbo ya dhahabu. Nilimfuata huko baada ya kama miezi miwili. Miguu yangu hainiachi. Nikamkuta amepanga chumba na ukumbi, Restuta yuko na sufuria zake na uzi wake. Ombeni anatengeneza mashine zinazopuliza hewa kwenye mashimo ya wachimbaji. "Feni ni ileile, mzee, ukubwa tu," akaniambia. "Hewa inaingia katikati, inarushwa pembeni. Na hawa nao walikuwa wameweka kona kwenye mdomo, kukwepa moshi wa jenereta. Waliokuwa chini wanasema hewa haifiki, wa juu wanasema mashine inanguruma vizuri, mnalalamika nini. Nimewanyooshea." Akanyoosha mkono, akapima hewani. "Ila huku bomba ni nene. Shibiri mbili hazitoshi. Nimeweka tano."

Hakumtaja mtu yeyote. Redio yangu aliiacha iimbe, hakuizima.

Siku ya nne ya kukaa kwangu akaja Yesaya, kapanda bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Kongo ilikuwa imemshika kwa wiki kumi. Aliporudi na kusikia, alikwenda moja kwa moja kwa Mama Ketrina, akamwambia, mimi nimezitazama zile nyuzi kwa macho haya, uzi ulikatwa mbele yangu. Mama Ketrina ndiye aliyemtuma huku.

"Anasema urudi. Kibanda chako kipo. Anasema alikosea."

"Na Eliakim?"

"Yupo. Madereva wanayataka maboksi. Amesema kama Mama ameamua, yeye hana neno."

"Na Recho? Recho amesema nini?"

Yesaya akatazama kofia yake. "Recho hajasema kitu, fundi. Anauza chai."

"Mwambie Mama nimeshukuru," akasema Ombeni. "Huku kuna watu chini ya shimo."

Jina lake likawa limerudi. Nilidhani atafurahi. Alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa juu ya bomba moja, mikono imelegea katikati ya magoti, mpaka Restuta alipokwenda kumwita.

Jumapili iliyofuata, saa sita, Recho akaja. Peke yake. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri na viatu vimejaa vumbi. Alibisha hodi kwa sauti ndogo, nikamjua kwa sauti kabla sijamwona. Ombeni akamkaribisha, akampa kiti. Wakasalimiana. Akauliza habari za watoto wake mmoja mmoja kwa jina, Recho akajibu. Akauliza mvua za Tunduma. Restuta akaleta maji ya kunywa, Recho akanywa.

Mimi nilikuwa ukumbini nao, na nilikuwa nasikia harufu ya maharage kutoka uani, yamewekwa nazi, yameiva tangu saa tano. Ugali ulikuwa umefunikwa. Recho naye alikuwa anaisikia. Aliweka mikono mapajani akasubiri, kama tulivyofundishwa sote. Ukiwa na neno unakwenda, unakaa, unaletewa chakula.

Restuta alisimama mlangoni, akamtazama mumewe. Ombeni hakugeuka. Restuta akarudi uani.

Wakazungumza kidogo habari za mahindi. Jua likahama kutoka kwenye kizingiti likafika miguuni pangu. Kuna wakati Recho alivuta pumzi, mdomo ukafunguka, nikadhani atasema hivyohivyo, na njaa yake. Akaufunga. Na yeye ni wa kulekule.

Alasiri akasimama. "Kaka, ngoja niwahi."

"Haya. Wasalimie watoto."

Akamsindikiza mpaka kwenye bodaboda. Nilitoka nikasimama mlangoni. Recho alipanda, akamshika mkono kaka yake kwa mikono yake yote miwili kama siku ile, na Ombeni akauacha mkono wake ushikwe mpaka pikipiki ilipoondoka.

Aliporudi ndani nilishindwa kujizuia. Mimi ni mzee, nimeshazika wengi ambao sikumalizana nao. "Ombeni, sahani moja ya maharage tu. Ungempa."

Akakaa pale alipokuwa amekaa Recho.

"Angekula angesema, mzee. Na akishasema, mimi ningetakiwa kujibu." Akakizungusha kile kikombe cha maji mezani, polepole. "Sina jibu. Nimelitafuta, sina."

Restuta akaingia na chakula. Akaweka sahani tatu. Tukanawa, tukala, na tulipomaliza kunawa tena hakuna aliyesema neno.